Viporo 11 vya Bi. M.: kisa cha kazi za mikono zilizokwama karibu na mwisho

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mwanamke mmoja anayeishi katika mji wa mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, ambaye hapa tutamwita Bi. M. Ameusoma uchambuzi huu na kuridhia utolewe kwa sharti kwamba jina lake, mtaa wake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yaondolewe, na kazi za baadhi ya watu wanaotajwa zimebadilishwa kwa sababu hiyohiyo. Mimi ninayeandika ni mmoja wa marafiki wanne waliokaa naye kwa wiki 14, na kwa miaka mingi nimefundisha ushonaji. Kwa hiyo siandiki kama mtazamaji wa mbali, na kosa kubwa kuliko yote yatakayoelezwa hapa nilishiriki kulifanya.

Neno kiporo, kwa asili, ni chakula kilicholala. Siku hizi hata mechi ya mpira iliyoahirishwa huitwa kiporo, na Bi. M. mwenyewe ndiye aliyeliazima neno hilo kwa ajili ya kazi zake. Hapa ninalitumia kwa maana finyu: kazi ambayo sehemu yake kubwa imekwisha kufanyika, ujuzi wa kuikamilisha upo, na hata hivyo imekaa miezi au miaka bila kuguswa.

Usuli

Bi. M. ana umri wa miaka hamsini na kitu. Watoto wake wameshajitegemea, naye anaishi na mjukuu mmoja katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Anashona kwa cherehani, anafuma vitambaa, anasuka ukili, ile mikanda inayoshonwa pamoja kuwa mkeka, na anadarizi kofia. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba hushona nguo za wateja, na katika miaka yote niliyomfahamu sijasikia mteja akilalamika kwamba nguo yake imechelewa. Mtu wa namna hii hawezi kuelezwa kwa neno uvivu, wala kwa kusema kwamba hajui kupanga muda wake. Vilivyolala ni vya kwake mwenyewe tu.

Kiporo kikongwe kuliko vyote kilikuwa kofia ya viua. Msomaji aliyewahi kuikaribia kazi hii anajua uzito wake: vitambaa viwili vyepesi hulazwa pamoja, michoro hupangwa, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, mamia kwa mamia, na fundi asiye na kazi nyingine anaweza kutumia miezi kadhaa kwa kofia moja. Bi. M. aliianza ili mwanawe aivae siku ya harusi. Duara la juu lilikuwa limekamilika, na ukanda wa pembeni ulikuwa umebakisha upana wa vidole vinne tu, harusi ilipofika. Kijana akavaa kofia ya kununua. Ile ya mama yake ikafungwa ndani ya mfuko na kuwekwa uvunguni, ikakaa huko miaka saba.

Vingine vilikuwa mkeka ambao ukili wake ulikwisha kushonwa wote lakini kingo hazijapindwa. Seti ya vitambaa sita vya makochi, ambavyo cha sita kilikosa mizunguko mitatu. Dera lisilopindwa chini. Pazia la mlango. Gauni la mjukuu lililokosa zipu. Foronya mbili zilizodariziwa nusu. Na stuli ya mbao iliyopigwa msasa upande mmoja. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na swichi iliyoning'inia kwa nyaya zake, rafu iliyosimamishwa sakafuni ikisubiri kutundikwa, na ukuta uliopakwa rangi isipokuwa sehemu ya chini, kimo cha magoti. Jumla ni 11.

Mambo yalivyokwenda

Sisi watano tulikuwa tayari na mchezo wa fedha, ambapo kila wiki mmoja wetu hupokea michango ya wenzake. Zamu ya Bi. M. ilipofika alisema angenunua nyuzi za kuanzia shuka jipya la kufuma. Mwenzetu mmoja, muuguzi mstaafu, akamuuliza kwa upole, «Shoga, na ile kofia?» Bi. M. alinyamaza, kisha akaingia ndani na kuanza kutoa vitu kimoja baada ya kingine mpaka jamvi likajaa. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Ninaamini kwamba kama tungemtaka, asingefanya.

Tulikubaliana kukutana kwake kila Jumanne baada ya swala ya alasiri mpaka magharibi ikaribie, na tukaweka lengo kwamba siku ya vunja jungu, kabla ya Ramadhani kuingia, tule katika chumba cha nyuma kikiwa kimekamilika.

Kikao cha kwanza hakikugusa sindano. Tuliandika, kwa kila kipande, ni nini hasa kilichobaki, na tukajizuia kutumia neno kumalizia, kwa sababu neno hilo halimwambii mtu mkono wake uende wapi. «Kumalizia dera» ikawa «kupinda chini ya dera, uzi wa kijani, mkono au cherehani». Zoezi hili lilifichua jambo ambalo hata mwenyewe hakuwa amelitambua: vipande vinne vilikuwa vimesimama kwa kukosa kitu kimoja kidogo cha dukani, na kitu hicho hakikuwahi kuandikwa popote, hivyo kila alipokwenda mjini alirudi bila nacho.

Wiki ya pili alipinda dera na kuweka pete za pazia. Dera lilimchukua dakika 40. Tulipiga vigelegele, lakini yeye hakufurahi. Aliishika ile nguo, akasema, «Miaka mitatu kwa dakika arobaini,» na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia. Wiki ya tatu alituma ujumbe kwamba ana mgeni, na hatukukutana. Ilikuwa rahisi kwenda wote wanne kumbembeleza. Badala yake muuguzi mstaafu alikwenda peke yake, akakaa naye jikoni wakichagua mchele, wala hakutaja kazi yoyote. Wiki ya nne mlango ulikuwa wazi.

Vitambaa vya makochi vilifuata. Hapa tatizo lilikuwa la rangi: uzi mpya, ingawa ni wa jina na namba ileile, ulitoka katika bunda jingine na weupe wake ulielekea maziwa, wakati ule wa zamani ulielekea chokaa. Wafumaji wote hulijua balaa hili, na ndiyo maana hushauriwa kununua uzi wote wa kazi moja kwa mara moja. Bi. M. alikuwa amejaribu mara mbili, akafumua mara mbili. Mwenzetu anayeuza vitumbua, ambaye hafumi kabisa, ndiye aliyeuliza kwa nini uzi tofauti usiwekwe kwenye vitambaa vyote. Bi. M. akafumua mzunguko wa mwisho wa vile vitano vilivyokwisha, akavizungushia vyote sita ukingo wa uzi mpya, na tofauti ikawa pambo. Kazi iliongezeka, lakini ilikwenda haraka kuliko ile mizunguko mitatu iliyokuwa imemshinda.

Wiki ya sita tulizungumza juu ya gauni na foronya. Mjukuu alikuwa amekua, gauni halimwingii tena. Foronya zilikuwa za mtindo ambao Bi. M. alikiri kwamba haupendi na hakuwahi kuupenda. Gauni alimpa jirani mwenye binti mdogo, pamoja na zipu yake, na foronya alizikata kuwa vitambaa vya kufutia sahani. Tuliviandika kwenye orodha kama vilivyokwisha.

Swichi na rafu zilihitaji fundi, na hapa moyo wa marafiki haukuweza kufanya chochote. Fundi yeyote anayethamini siku yake hataki kuja kwa kazi ya nusu saa, na akija atadai malipo ya siku nzima, jambo ambalo ni haki yake. Tulichofanya ni kukusanya kazi ndogondogo za nyumba tatu, za kwangu zikiwamo, tukampa fundi mmoja siku moja kamili. Wiki ya nane swichi ilikaa ukutani na rafu ikatundikwa. Wiki hiyohiyo Bi. M. alimalizia msasa wa stuli akaipaka vanishi peke yake, bila kuambiwa na mtu, siku ambayo haikuwa Jumanne.

Wiki ya tisa alikwenda msibani kwa siku nne. Mwenzetu msusi wa mikeka na mimi tuliona ni nafasi njema ya kumfurahisha. Tulichukua mkeka, tukakata ncha za ukili zilizozidi, tukashika shazia, sindano kubwa ya mikeka, na kupinda kingo zote kwa uangalifu mkubwa. Aliporudi alishukuru kwa maneno ya adabu. Kisha akauliza kilipo kile kipande kirefu cha ukili mwekundu. Kipande tulichokikata tukidhani ni ziada ndicho alichokuwa amekitenga, tangu siku anachovya chane, majani yaliyochanwa ya kusukia, katika rangi, kiwe ukingo wa upande wa kichwani.

Wiki ya kumi hadi ya 13 zilikuwa za kofia, na kwa mara ya kwanza alitueleza kilichokuwa ndani ya ule mfuko. Kabla ya harusi, alipokaribia kuunganisha ukanda, aligundua kwamba maua ya safu ya chini hayakulingana na nafasi: ua la mwisho lilikuwa linaangukia nusu. «Nikiitoa watahesabu maua,» alisema. Mwuza vitumbua akamjibu, «Nani ahesabu maua kichwani mwa mtu, dada yangu?» Jibu lilikuwa la upendo, lakini halikusaidia, kwa sababu Bi. M. anajua kwamba wapo wanaohesabu, naye ni mmoja wao. Kilichosaidia ni swali la kifundi: mshono ukae wapi? Aliamua ukae nyuma, akafumua ua moja, na mahali pake akatoboa safu tatu nyembamba za vitundu vitupu, zisizo ua, kama mlango unaotenganisha mwanzo na mwisho. Kisha akampigia simu mwanawe kumwuliza kipimo. Kijana alishangaa. Miaka yote alidhani kofia ile iliuzwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliokuwa na uzito kuliko mingine ni kwamba kila mmoja wetu aje na kazi yake mwenyewe. Kumkalia mtu mzima mbele na kumtazama akifanya kazi aliyoionea haya ni kumgeuza mtoto wa shule. Tulipokuwa na sindano zetu mikononi, macho yetu yalikuwa chini, na maswali yake yalitoka yenyewe.

Uamuzi wa kuanza na kazi nyepesi niliuunga mkono, kwa kuwa ndivyo ninavyofundisha: mwanafunzi huonja ushindi mdogo kwanza. Sasa naona kwamba nilichanganya mambo mawili. Mwanafunzi anahitaji kujua kwamba anaweza, lakini Bi. M. hakuwahi kulitilia hilo shaka. Kwake wepesi wa dera ulikuwa ushahidi dhidi yake.

Kuhesabu kilichoachwa kuwa kimekwisha kulizua ubishi. Msusi wa mikeka alisema kwamba tukifungua mlango huo kila kitu kitaachwa. Tuliweka kipimo cha swali moja: kama kitu hiki kingekuja leo kikiwa kimekamilika, je, kuna mtu wa familia yake angekitumia? Kwa gauni na foronya jibu lilikuwa hapana. Kwa kofia, Bi. M. alichelewa kujibu, na ule ucheleweshaji ndio uliotufanya tuiache kwenye orodha.

Matokeo

Mpaka siku ya vunja jungu, vitu saba vilikuwa vimekamilishwa na mikono yake au, kwa swichi na rafu, na fundi aliyemlipa sehemu yake: dera, pazia, vitambaa, stuli, swichi, rafu na kofia. Viwili viliachwa kwa uamuzi. Mkeka ulikamilishwa na sisi. Ukuta haukukamilika.

Kofia ilifuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya sufuria yenye duara la kipimo kile. Mwanawe aliivaa Idi. Mkeka tuliulia chakula siku ile, kwa kuwa yeye mwenyewe aliutandika, lakini tangu hapo umesimama nyuma ya mlango ukiwa umekunjwa, na wageni hutandikiwa jamvi la zamani.

Uchambuzi

Mwaka 1932 Clark Hull, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya panya ambao walikimbia haraka zaidi kadiri walivyokikaribia chakula, na wazo hilo limetumika sana kueleza kwa nini watu huongeza bidii mwisho ukionekana. Kisa cha Bi. M. kinaonekana kulipinga, kwa kuwa yeye alisimama hatua mbili kabla ya kufika. Nikikitazama kwa karibu naona hakilipingi. Panya wale walikuwa na chakula mwisho wa njia. Kwa kofia, harusi ilishapita. Kwa gauni, mtoto alishakua. Kwa foronya, hapakuwa na aliyezitaka tangu awali. Chakula kilikuwa kimeondolewa, njia ikabaki. Kumhimiza mtu katika hali hiyo ni kumsukuma aende mahali pasipo na kitu, na ndiyo maana simu kwa mwanawe ilifanya kazi ambayo maneno yetu yote ya kutia moyo hayakuifanya. Nguo za wateja wake hazikulala kwa sababu hiyohiyo: kila nguo ya mteja ina mtu anayebisha hodi kuifuata.

Jambo la pili ni aina ya kazi inayobaki. Tunasema «kimebaki kidogo» kana kwamba kidogo hicho ni cha aina moja na kikubwa kilichotangulia. Kudarizi kofia ni mwendo wa mkono unaojirudia, nao humtuliza anayeufanya. Kuiunganisha ni kuamua, kukata kitambaa kisichoweza kurudishwa, na kukubali kwamba kuanzia dakika ile kitu kitatazamwa na wengine. Kufuma ni vivyo hivyo, na kuficha ncha za nyuzi hakumfurahishi yeyote niliyemfahamu. Yule anayependa sehemu ya kwanza ya kazi hatakiwi kudhaniwa kwamba ataipenda ya mwisho. Rafiki mwenye manufaa ni yule anayelitambua hilo na kuleta swali linaloweza kujibiwa: mshono ukae wapi, uzi tofauti uwekwe wapi. Sifa tupu hazikusogeza kitu chochote katika wiki 14 hizi, ingawa tulizitoa kwa moyo safi na sijutii kuzitoa.

Mara nyingi hutajwa pia utafiti wa Bluma Zeigarnik, uliochapishwa mwaka 1927 kutokana na majaribio aliyoyafanya Berlin, kwamba kazi zilizokatizwa hukumbukwa kuliko zilizokamilika. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo siegemei hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba Bi. M. alikumbuka vyote 11 bila kufungua mfuko hata mmoja, pamoja na namba ya uzi wa kila kimoja. Alikuwa amevibeba kichwani muda wote, na pale dera lilipokwisha, alichokiona kwanza ni uzito wa miaka aliyokibeba kitu cha dakika 40. Tungelijua hilo, tungeianza orodha na vitambaa vya makochi, kazi yenye ugumu wa kweli, ambayo mtu akiimaliza anaona kwamba ilistahili kumchelewesha.

Kuhusu mkeka sina la kututetea. Tulimwondolea kazi, na pamoja nayo tukamwondolea uamuzi ambao hatukujua kwamba upo, kwa sababu hatukuuliza. Kikao cha kwanza tuliandika «kupinda kingo, pande mbili», tukadhani maandishi yametosha. Kwa mujibu wa orodha mkeka umekwisha. Kwa mwenye mkeka, haujaisha na sasa hauwezi kuisha, maana ukili mwekundu uliokatwa vipande haushoneki tena kuwa ukingo. Kati ya viporo vyote, huu ndio uliotoka katika mikono yetu ukiwa na hali mbaya kuliko ulivyoingia.

Ukuta nao ulitufundisha kutofautisha kiporo na tatizo. Bi. M. aliueleza kama kazi ya nusu siku: kopo dogo la rangi na brashi. Ukweli ni kwamba rangi ya sehemu ile ya chini ilikuwa imepakwa mara mbili na kubanduka mara mbili, ikiacha unga mweupe wa chumvi. Nyumba za mawe na chokaa za mwambao hupumua kupitia kuta zake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutoka. Aliyeipiga lipu ya saruji miaka iliyopita aliifunga njia hiyo, na maji yakawa yanatafuta pa kutokea, yakisukuma chumvi na rangi mbele yake. Kitu cha namna hii hakimalizwi kwa kutiwa moyo. Kinahitaji lipu ya saruji ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa, na hiyo ni kazi ya kuanza upya, yenye gharama yake. Tuliufuta ukuta kwenye orodha ya viporo na kuuandika kwenye ukurasa mwingine, na Bi. M. alisema kwamba kitendo hicho kidogo kilimpa nafuu kuliko kukamilika kwa rafu.

Baada ya Idi zamu ilihamia kwa msusi wa mikeka, mwenye viporo sita. Vikao ni vilevile, ila yapo mabadiliko mawili. Kila kipande sasa kina mstari wa ziada kwenye orodha, ambapo mwenyewe huandika ni nani atakayekipokea kitakapokamilika. Na hakuna anayegusa kazi ya mwenzake mpaka mwenyewe amkabidhi sindano kwa mkono wake. Wiki iliyopita Bi. M. alikuja na chane mpya, zimechovywa rangi nyekundu, akaanza kusuka ukili. Hakusema ni wa nini, nasi hatukumwuliza.